Mwaka Niliokuwa Taka Hatarishi

Mwaka ule, kuanzia mvua za mwisho mpaka alizeti ilipoanza kuingia viwandani, nilikuwa taka hatarishi. Sisemi hivyo kwa kujidharau. Ndivyo nilivyoandikwa kwenye mfumo: picha yangu, uzito wangu, ninakotoka na ninakopelekwa kuchomwa. Walioiona ile picha walicheka mpaka wakashika mbavu, na siku ya kwanza na mimi nilicheka nao. Kicheko kilipokatika nikakuta nimenasa Singida mjini, na mama yangu yuko Kilimatinde ananisubiri, macho yanamwishia.

Nianze na kazi yenyewe. Nilikuwa karani wa kampuni ya kuzoa taka, na neno kampuni nalitumia kwa heshima tu. Tulikuwa na trekta moja bovubovu, tela lake, guta mbili za magurudumu matatu, na wapakiaji wachache wenye viatu vya mvua vilivyotoboka. Tulizoa soko la vitunguu, tulizoa pale wanapopanga matenga ya kuku wanaosubiri malori ya Dodoma na Dar es Salaam, na tulizoa mitaa miwili mitatu yenye baa na maduka. Maganda ya vitunguu, kinyesi cha kuku, manyoya, chupa, nepi. Upepo wa kwetu haumsubiri mtu. Ukichelewa kidogo, mifuko yote imeshahamia kwenye minyaa na huipati tena. Bosi wetu, mzee aliyeanza maisha kwa kuuza vitunguu kando ya barabara, hakuwa na tabia ya kuandika. Ukimwuliza jana tela limekwenda dampo mara ngapi, anakujibu, "Mara nyingi." Hiyo ndiyo ilikuwa taarifa ya kampuni.

Basi likaja agizo la serikali. Kila kampuni ya taka iingie kwenye mfumo. Kila mzigo upigwe picha, iandikwe aina yake, uzito wake, unapotoka na unapokwenda, na ukifika uthibitishwe na aliyeupokea. Asiyefanya hivyo asitarajie kibali. Tukaitwa mafunzoni Ikungi, kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki na feni isiyozunguka. Walikuja watu wa Manyoni, wa Itigi, wa Kiomboi, na kutoka Mkalama walikuja mtu na mkewe ambao kampuni yao yote ilikuwa mkokoteni wa punda. Yule mume aliuliza kama na punda anasajiliwa. Mkufunzi, binti wa kutoka Dodoma mwenye sauti ya upole, akamjibu kwamba punda ataingia kwenye kipengele cha chombo cha usafiri. Ukumbi mzima ulicheka. Yule mume hakucheka, aliandika.

Lakini lipo jambo moja alilolisema yule binti ambalo tulilipokea kimya, kwa sababu lilionekana la haki kabisa. Alisema mzigo ukishafunguliwa haufutiki. Unafungwa tu, tena kwa njia mbili: ama upokelewe unakokwenda, ama mtu akiri kwamba ilikuwa taarifa ya uongo. Wameweka hivyo, alisema, ili mtu asimwage taka korongoni halafu afute alama. Nilitikisa kichwa kukubali. Mle ukumbini walikuwemo watu ambao makorongo yanawajua kwa sura.

Kisha ikaja habari ya mwajibikaji. Kila kampuni imtaje mtu mmoja ambaye namba yake ya kitambulisho itabeba akaunti, ili kosa likitokea serikali ijue inamshika nani. Bosi alinyanyua kidevu kunielekea. "Huyu hapa. Ana miwani." Nikaandikwa.

Sikuchukia. Niseme ukweli, nilifurahi. Miaka yote nilikuwa nimemwomba yule mzee tuweke kumbukumbu, na yeye ananiambia kwani taka zinapotea? Sasa nilikuwa na kishikwambi mkononi na serikali nyuma yangu, na "mara nyingi" halikuwa jibu tena. Pale pale Ikungi, wakati wa chakula, mama mwenye kampuni ya Manyoni alihama meza akaja kukaa nami. Aliniambia ameona vidole vyangu vinavyokimbia, na kwao hawana mtu wa kuuelewa huu mfumo. Nikamweleza habari za mama yangu. Akasema, "Ukimalizana na wa kwenu, njoo. Nafasi nakuwekea."

Sisi ni Wanyaturu, lakini baba alikwenda Kilimatinde zamani kufanya useremala misheni, akajenga, akafia huko, na mama akakataa katakata kurudi kwa ndugu zake. Alikuwa anaishi na wifi yangu, mke wa kaka. Kaka alikuwa reli, Itigi, na wifi alikuwa ameshavumilia vya kutosha kukaa mbali na mume wake kwa ajili ya mama mkwe. Mwaka ule aliniambia bila kuzunguka: akishavuna, anaondoka. Sikuwa na la kumlaumu. Mama alikuwa hatofautishi tena sufuria na kivuli cha sufuria. Watoto wangu walikuwa wameshajitegemea, mume sikuwa naye, binti wa mama ni mimi peke yangu. Na kutoka Manyoni hadi Kilimatinde si mbali. Ningefanya kazi mchana, jioni nikalala kwa mama. Mambo yalikuwa yamejipanga vizuri mno, na mimi ni mtu wa kuogopa mambo yakijipanga vizuri.

Sasa nimlete mtani wangu. Alikuwa mpakiaji, Mnyiramba wa kutoka upande wa Iguguno, mwembamba, mrefu, umri wa mdogo wangu wa mwisho, mdomo haumpumziki. Mnyiramba na Mnyaturu ni watani tangu enzi za mababu, na yeye aliifanya kazi hiyo kwa bidii kuliko ile aliyolipwa. Asubuhi akiniona tu: "Leo umekunywa chai au umekunywa mlenda na sukari?" Nami namjibu, "Nyie Wanyiramba chai mmeijua juzi, tena mliitafuna majani." Alikuwa amesukuma mkokoteni miaka mingi sokoni. Mfumo ulipokuja alisajiliwa kama wapakiaji wengine, akapewa kitambulisho chenye picha, na tangu siku ile hakukivua shingoni. Alikwenda nacho hata kanisani. Nilimcheka sana kwa hilo, nikamwambia Mungu anawajua watu wake bila vitambulisho, akasema ndiyo, lakini Wanyiramba ni wengi, Mungu anaweza kuchanganya.

Siku tulipoanza kurekodi mizigo, tulikuwa soko la vitunguu. Nilikuwa nimepanda juu ya tela, nimekaa kwenye viroba vya maganda, nawafokea wapakiaji wapange vizuri ili picha itoke. Kishikwambi nilikuwa nimemwachia yeye chini, kipo wazi kwa jina langu, apige. Akapiga. Akaendelea kubonyeza kwa muda mrefu huku amekunja uso kama daktari. Nilipoteremka akanionyesha. Picha: mimi juu ya maganda, mdomo wazi, kidole kimenyooka. Aina ya taka: hatarishi. Uzito: kilo mia na ishirini, jambo ambalo ni uongo mtupu. Maelezo: "Mnyaturu mmoja mzima, kelele nyingi, asimwagwe karibu na makazi ya watu." Unapokwenda: kituo cha kuchomea taka hatarishi, ambacho kwenye orodha kilikuwa kimoja tu, tena mkoa mwingine kabisa. Na alikuwa ameshatuma. Kwake ulikuwa utani kama mwingine. Angekuwa na chaki angeuandika ubavuni mwa tela.

Nilicheka mpaka machozi. Nilimwonyesha bosi, nikawaonyesha akina mama wa vitunguu, nikawatumia watoto wangu ile picha. Nikamwambia mtani kwamba kwa hilo atanilipa jogoo. Akasema jogoo wa Mnyiramba haliwi na taka.

Siku chache baadaye mama wa Manyoni akapiga simu. Nafasi ipo, nije hata kabla ya mavuno. Nikaenda kwa bosi kumuaga. Alinuna kidogo, halafu akasema basi, akaunti aichukue mkwe wake. Nikafungua kishikwambi tubadilishe mwajibikaji, na hapo ndipo nilipogonga ukuta. Yakatokea maandishi mekundu: mabadiliko hayawezekani, kuna mzigo hatarishi ambao haujafika. Nikabonyeza tena. Mzigo uko njiani.

Nilidhani ni jambo la kupiga simu tu. Kulikuwa na namba ya msaada, akapokea kijana mstaarabu.

"Mama, nauona mzigo wako hapa," alisema. "Bado uko njiani."

"Hauko njiani. Umekaa ofisini unaongea na wewe."

"Sijakuelewa, mama."

"Mzigo ni mimi, mwanangu. Niliandikwa kwa utani."

"Kwa hiyo mzigo haupo?"

"Upo. Ndiyo mimi."

"Basi kama upo, mama, ufikishwe kituoni upokelewe. Wakishapima na kuchoma, unafungika wenyewe."

Sikumkasirikia. Alisoma kilichokuwa mbele yake. Nilimshukuru, nikakata simu, nikabaki nimekitazama kile kishikwambi huku najiona nilivyokaa juu ya maganda, kidole juu. Kwa mara ya kwanza haikunichekesha.

Nilimrudia bosi, nikamweleza. Akasikiliza huku anakuna shingo. "Mbona kazi inaendelea?" akauliza. Na kweli ilikuwa inaendelea. Mizigo mingine ilifunguka na kufungwa bila shida, kibali hakikutishiwa, trekta liliwaka siku lilipotaka. Aliyefungwa ni mimi tu.

"Mzee, mimi nataka kuondoka."

"Mfumo hautaki uondoke. Na mimi sitaki. Tumekuwa wawili, wewe uko peke yako."

Alikuwa anatania, lakini niliona macho yake yanang'aa. Alikuwa amepata karani asiyeweza kuacha kazi, tena bila kuongeza mshahara.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini sikufunga tu virago nikaenda. Hata mimi nilijiuliza. Manyoni hawakuweza kunisajili, maana namba yangu ilikuwa imeshikwa huku. Na hata ningekwenda kukaa bure, kila ambacho trekta lile lingemwaga mahali pabaya kingekuwa juu yangu, na mimi namjua dereva wa lile trekta. Halafu mama alikula kwa mshahara wangu. Kwenda bila kazi ni kumwongezea mdomo, si kumpelekea mkono. Nilizunguka humo kichwani siku nzima nzima, kila mlango niliosukuma ulikuwa wa kuvuta na kila niliovuta ulikuwa wa kusukuma. Usingizi ulinipungua. Nilianza kuwafokea watu wa sokoni wasio na hatia, na kila asubuhi kishikwambi kilinisalimu kwa ujumbe uleule, kwa adabu ileile: mzigo wako bado uko njiani.

Mwisho nikaenda ofisi ya mazingira. Afisa aliyenipokea alikuwa Mnyamwezi, mtu mzima, na utani anaujua. Nilipomwonyesha picha alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho. Nikangoja amalize. Alipomaliza akasogeza kiti akaniambia polepole kwamba yeye hana kitufe cha kufuta, wala wa juu yake hana. Mlango uliobaki ni ule wa taarifa ya uongo. "Unafungua hapa. Pana sehemu ya aliyetoa taarifa. Ukiiacha ilivyo, inakuwa wewe, kwa sababu akaunti ni yako. Ukitaka kuandika mwingine, unaweka namba yake ya kitambulisho."

"Na huyo anafanywa nini?"

"Anatolewa kwenye mfumo. Hapakii, haendeshi, haandiki, kwa kampuni yoyote ya taka nchi hii."

"Kwa muda gani?"

Alitafuta kwenye kompyuta yake, akatafuta tena. "Muda haujaandikwa," akasema, na safari hii hakucheka.

Nilitoka pale nikiwa na jibu, na jibu lenyewe sikulitaka. Aliyeandika anajulikana. Namba yake ninayo, ipo kwenye orodha yangu ya wapakiaji. Nibonyeze, niende kwa mama. Mtu wa mjini aliyekulia mbali na mambo haya angebonyeza akiwa bado kwenye ngazi za ile ofisi. Lakini kwetu mtu hampeleki mtani wake barazani. Akichukua kuku wako mbele ya macho yako, amekula; ukilalamika, wewe ndiye utakayechekwa na wazee wa pande zote mbili. Nililijua hilo tangu utoto kama watu wanavyojua njia ya kisimani, bila kulifikiria. Nililifikiria kwa mara ya kwanza siku alipokufa baba.

Siku ile mama alikuwa amekaa chini, haongei, hali, halii. Walimbembeleza kwa maombi, kwa uji, kwa vitisho, akawa kama ukuta. Jeneza lilikuwa uani, limetengenezwa na vijana aliowafundisha baba mwenyewe. Akaingia mama mmoja wa Kinyiramba, mtani, mke wa mwalimu. Alikuwa amevaa koti la kazi la baba, sijui alilitoa wapi, penseli imechomekwa nyuma ya sikio kama baba alivyofanya, anatembea kwa ule mwendo wake wa kuvuta mguu. Akalizunguka jeneza, akainama, akapitisha kidole ubaoni, akafoka kwa sauti ya baba kabisa: "Nani kapiga randa ovyo namna hii? Mnataka nilale humu nichomwe na vibanzi?" Watu wakashika midomo. Halafu tukasikia mama anacheka. Alicheka, kicheko kikageuka kilio, akalia mpaka akachoka, na alipochoka akaomba ugali. Hakuna mwingine aliyeweza kumfanyia vile, wala aliyeruhusiwa. Mtu aliyewafanyia nyumba yenu jambo kama lile, ukoo wake unaupeleka wapi kushtaki?

Hata hivyo nilikwenda kumwambia mtani wangu. Nilimkuta karakana, amekaa kwenye kivuli cha tela, anakula muwa. Nilimweleza yote: Manyoni, mama, wifi, ule mlango mmoja. Alikuwa hajui. Wote walijua habari ya taka hatarishi, hakuna aliyejua kwamba imenifunga isipokuwa bosi. Na mimi nilikuwa nimenyamaza kwa sababu kulalamikia utani ni aibu.

Alitema makapi ya muwa. "Si nimekwambia siku zote? Wanyaturu hata pa kuchomwa hamna anayewapokea."

Siku nyingine ningemjibu. Siku ile nikalipuka. "Mama yangu anaanguka kule! Haoni! Wewe unacheka nini?" Nilipaza sauti mpaka fundi akatoka chini ya trekta. Sijawahi kumfokea mtani kwa dhati tangu nizaliwe.

Yeye aliuweka muwa chini. Alisimama, akavua kitambulisho shingoni, akakipangusa kwenye shati, akanipa. "Weka namba yangu, dada," akasema.

Dada. Hajawahi kuniita hivyo. Nilikirudisha kile kitambulisho mfukoni mwa shati lake, nikamwambia aendelee kula muwa wake, nikaondoka haraka kabla sijasema lolote jingine.

Alizeti ikakauka, ikavunwa, malori yakaanza kupanga foleni viwandani. Wifi akapiga simu saa za mchana. Mama ameshika jiko kwa kiganja, ameungua. Yeye ameshafunga mizigo, kaka anakuja kumchukua Jumapili, na hawezi kumwambia asije. Alikuwa analia, na mimi nikamwambia asilie, nakuja. Sikuwa najua nakujaje. Nilipokata simu, ikaita tena: mama wa Manyoni, anataka jibu, kuna binti mwingine ameleta barua.

Nilikuwa peke yangu ofisini. Nikafungua kile kipengele cha taarifa ya uongo, nikaingiza namba ya mtani wangu, tarakimu moja baada ya nyingine. Jina lake likatokea lenyewe, na picha yake, ile yenye tabasamu kubwa kupita kitambulisho. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nisingependa mtu adhani nilikuwa na huruma wakati ule. Nilikuwa na hasira. Nilimkasirikia yeye kwa mdomo wake, nikaukasirikia mfumo, nikamkasirikia bosi, nikamkasirikia mpaka yule mke wa mwalimu kwa kuvaa koti la baba yangu na kuniachia mimi deni. Kama ningekuwa mtu wa kabila lolote lingine siku ile, ningebonyeza. Nilijaribu kujiambia mama ni mama. Kidole hakikushuka.

Nikafuta tarakimu zote. Ile sehemu ikarudi ilivyokuwa, ina jina langu. Nikabonyeza.

Mzigo ukafungwa papo hapo. Miezi yote ile, na ulifungwa kabla sijavuta pumzi. Yakatokea maandishi ya kijani ya kunishukuru kwa kuzingatia sheria, kisha kishikwambi kikanitoa, na nilipojaribu kuingia tena kikasema hakinijui. Jioni mkwe wa bosi alikuwa ameshaandikwa mwajibikaji. Kesho yake mama wa Manyoni akapiga, anasema wameingiza namba yangu na inakataa, kuna shida gani? Nikamwambia hakuna shida, amchukue yule binti.

Halafu nikampigia mama. Nilimwambia nakuja, lakini nakuja mikono mitupu, kazi ya Manyoni haipo, na tutakula nini sijui. Akanijibu kwa Kinyaturu, lugha ambayo ukiitafsiri inapungua ukali: "Macho si unayo? Njoo nayo hayo."

Nilipanga kuondoka asubuhi, guta linipeleke stendi. Walikuwa wamekusanyika karakana. Bosi alinipa gunia la vitunguu, akajifanya ana vumbi jichoni. Mkwe wake alinishika mikono miwili, akaniuliza mara ya mwisho jinsi ya kufunga mzigo wa manyoya. Habari ya nilichobonyeza ilikuwa imeshaenea, sijui kwa mdomo wa nani. Mimi nilikuwa namtafuta mtani. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua atasema sasa taka inakwenda kuchomwa, na nilikuwa na jibu langu tayari, zuri, nimelipika tangu nilipoamka, kuhusu Mnyiramba na kitambulisho chake kanisani. Nilikuwa na hamu ya kulisema. Nadhani nilikuwa nalihitaji.

Akatoka nyuma ya trekta amebeba begi langu. Akaliweka kwenye guta taratibu, akalikaza kwa kamba, akahakikisha halitikisiki. Kisha akaja mbele yangu, akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Kwa umri, salamu hiyo nilistahili kwake siku zote. Kwa utani, hakuwahi kunipa hata mara moja, wala sikuwahi kuitaka.

"Acha ujinga, mtani," nikamwambia. "Sema nilivyonuka."

Hakucheka. Mtu aliyekufanyia jambo kubwa namna ile humtanii tena, unamheshimu, na yeye alikuwa ameamua kuniheshimu. Alibaki pale, kofia mikononi, kichwa chini, anasubiri. Na shikamoo ya mtu huwezi kuiacha bila kuijibu. Nikaitikia marahaba, nikapanda guta.